Saa kumi ni saa ngapi?

Leo nianze kwa kuungama, halafu tuingie kwenye historia.

Mwaka jana nilitengeneza apu ya maji. Si maji ya mfereji, ni maji ya bahari, kupwa na kujaa. Jioni mbili tu: mimi, laptopu, na AI ya kuandika programu. Mimi naeleza ninachotaka, yenyewe inaandika. Ikatoka kitu kizuri, wallahi. Rangi ya bahari, mwezi unaokua na kupungua kwenye kioo, saa kubwa katikati. Nikatupa linki kwenye grupu la familia, nikapokea mioyo na dua hadi nikajiona injinia.

Wiki mbili baadaye shangazi yangu alikosa boti kwa sababu ya apu hiyo.

Nyinyi ambao mkisikia Lamu mnaona punda na picha za fungate, nisikilizeni kidogo. Hapa si mji mmoja, ni visiwa. Kuna Lamu yenyewe, kuna Manda, kuna kisiwa cha Pate chenye miji yake: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini. Ukitaka hospitali kubwa unakuja Lamu mjini. Barabara yetu ni maji, na barabara hiyo hufungwa mara mbili kila siku. Mbele ya mji wa Pate maji yakipwa bahari inaondoka, yanabaki matope na mikoko. Boti huingia na kutoka maji yakijaa. Ukiikosa, panda boda mpaka Mtangawanda ukatafute nyingine.

Shangazi alikuwa na kliniki Lamu asubuhi. Usiku wake akafungua apu ya mtoto wao. Ikamwambia maji yatajaa 10:00 asubuhi. Akalala vizuri. Saa nne akashuka pwani na mkoba wake na kadi yake ya kliniki, akakuta matope na ndege wanatembea kwa miguu pale ambapo boti hufunga. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi alfajiri, na boti ilishaondoka nayo. Mpaka azunguke Mtangawanda na kufika Lamu, kliniki ilikuwa imefungwa. Tarehe mpya ilikuwa baada ya wiki sita.

Nilipompigia kuomba radhi hakunigombeza. Aliniambia hivi, na mpaka leo neno hili halijanitoka: "Mwanangu, usiku niliutazama mwezi, nikaona hesabu haiji. Lakini nikasema, mtoto amesoma, simu yake itakuwa inajua kuliko mimi."

Yaani alikuwa na jibu sahihi kichwani mwake. Apu yangu ndiyo iliyomtoa kwenye jibu hilo.

Nikaenda kutafuta kosa liko wapi. Hesabu ya maji alinipa baba mdogo, ambaye ni nahodha. Alinitumia sauti kwa WhatsApp: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi. Kila siku inayofuata yanachelewa, kama dakika hamsini hivi. Ukifika siku ya saba, ya nane, ni maji mafu, hujaa karibu na saa nne. Nikaandika vile vile alivyosema nikaipa AI. Na AI ikaweka bamvua: 10:00.

Umeona? Saa kumi ya baba mdogo ni 4:00 ya simu. AI haikujua, na mimi niliyezaliwa hapa sikuangalia. Sasa sikia ubaya wake. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni masaa sita na kidogo. Na tofauti ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu ni masaa sita. Kwa hiyo apu yangu haikukosea kidogo. Iligeuza bahari juu chini. Kila iliposema maji yamejaa, yalikuwa yamepwa. Ukikosea masaa sita kwenye ratiba ya basi, utachelewa. Ukikosea masaa sita kwenye maji ya Pate, utasimama kwenye matope.

Nilipomwonyesha baba mdogo, aliicheka kwanza, kisha akairudisha simu mkononi mwangu. "Simu yako haiyui mai," akasema, kwa Kiamu chetu. Haijui maji.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba mimi ni wa kwanza Lamu kutengeneza programu ya bahari. Kumbe nimekuja nimechelewa kwa mamia ya miaka.

Tuanze na saa yenyewe. Kuna watu wanadhani saa ya Kiswahili ni mazoea ya wazee tu, kitu cha kurekebishwa. Fikiria upya. Lamu iko digrii mbili hivi kusini mwa ikweta. Hapa jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kuhesabu kuanzia machweo na macheo ni hesabu safi kabisa: jua likitoka unaanza moja, likiwa utosini ni sita, likizama umemaliza kumi na mbili. Ulaya huwezi kufanya hivyo, maana jua lao la Desemba na la Juni haliamki pamoja. Wao wakachagua kuanzia katikati ya usiku. Ni uamuzi, kama uamuzi mwingine wowote. Hata serikali ya kikoloni Kenya iliichezea saa mara kadhaa. Kuanzia 1937 hadi 1942 nchi hii ilikuwa masaa mawili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Eti dakika 45! Haya masaa matatu kamili tunayoyaona kwenye simu tumekaa nayo tangu 1942. Shangazi na mwezi wake wana historia ndefu kuliko hiyo.

Halafu kuna kalenda. Manahodha na wakulima wa pwani hawakutegemea mwezi peke yake, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi, haufuatani na pepo. Wakachukua mwaka wa jua wa Kiajemi, Nairuzi, wenye siku 365, wakaugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo walijua lini kaskazi inaanza kuvuma, lini kusi inakuja, lini usiweke chombo baharini kabisa. Mtu alikuwa anakuambia tuko mwongo wa ngapi, nawe unajua upepo gani unakungoja. Mwezi kwa maji, Nairuzi kwa upepo. Kalenda mbili kwa pamoja, bila betri, bila bando.

Na hesabu hizi zilihifadhiwa kwa akili. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15 kutoka Julfar kule Ghuba, elimu yake nyingi ya urambazaji, pamoja na njia za pwani yetu mpaka Sofala, aliiweka katika mashairi. Si kwa kujipamba. Shairi linakaririka, na ukiwa gizani katikati ya bahari huwezi kufungua kitabu.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, kusini yetu hapa. Alikuwa na meli, alikuwa na mizinga, alikuwa na mfalme nyuma yake. Hakuwa na habari za njia ya kwenda India. Ilibidi apewe rubani Malindi, ambaye jina lake wanahistoria wanabishana mpaka leo, na rubani huyo akamvusha hadi Calicut kwa chini ya mwezi mmoja. Mimi nikiisoma hadithi hii naiona AI yangu: chombo kikubwa kutoka mbali, nguvu tele, na hakijui njia ya kuingia Pate mpaka mtu wa hapa akae mbele.

Lakini tusijifanye kwamba kila kizuri kilizaliwa hapa. Sehemu ninayoipenda zaidi katika historia ya Lamu ni namna tulivyoazima.

Chukua maandishi. Karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tatizo ni kwamba Kiarabu hakina p. Hakina ch, hakina v, hakina g kama yetu. Na irabu zake ni tatu, sisi tunazo tano, kwa hiyo e na i zinaandikwa sawa, o na u sawa. Hebu fikiria: unaishi mji unaoitwa Pate na umepewa alfabeti isiyoweza kuandika jina la mji wako. Ukiandika unapata Bate. Wangeweza kusema basi, lugha yetu haifai kwa teknolojia hii. Hawakusema hivyo. Waliandika wakijua msomaji atajaza pengo, na baadaye wasomi wakaongeza nukta na alama, p ikawa b yenye nukta tatu, mpaka herufi za wageni zikatamka maneno yetu.

Na kwa chombo hicho kibovu kibovu walifanya makubwa. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na wanakili wa misahafu. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na mawaidha yake kuhusu ndoa, hilo ni suala la siku nyingine. Ninachotaka uone ni kwamba aliandika kwa ajili ya mtu mmoja anayemjua, kwa lugha ya mtu huyo, na leo tunausoma bado. Hakuanza na kuwaza atapata watumiaji wangapi.

Sasa upande wa pili wa kuazima, ule unaouma. Wakati huo wote Kiamu kilikuwa lugha ya heshima ya ushairi. Mshairi wa Mombasa angetumia maneno ya Kiamu ili shairi lake lipate uzito. Kisha mwaka 1928 kukafanyika mkutano Mombasa wa kuamua Kiswahili kipi kitakuwa cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Kikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Sisemi ilikuwa makosa kuwa na lugha moja. Bila hiyo wewe wa Kisumu na wewe wa Mwanza msingenisoma hapa. Lakini toka hapo, mtoto wa Lamu akiandika "mai" mwalimu anaweka wino mwekundu, akiandika "ndia" badala ya njia anaambiwa amekosea tahajia.

Na AI imesoma vitabu vya nani? Imesoma vya baada ya 1930. Nilipoweka kwenye apu maneno ya baba mdogo kama alivyoyatamka, iliyasahihisha kimya kimya. Mai ikawa maji, ndia ikawa njia, na sikuombwa ruhusa. Wino mwekundu umerudi, safari hii hauna hata mwalimu wa kubishana naye.

Kwa hiyo swali langu kwa wale wanaosema AI itatuletea maendeleo, tukae tungoje: tungoje nini? Na swali langu kwa wale wanaosema AI ni ya Wazungu, tuiwache: mbona herufi hatukuziwacha?

Historia ya karibu inatufundisha vile vile. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikuwa ya watu kulipa mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kwa jambo lao, kutumiana pesa. Waliokuwa wakiitengeneza wakawa na akili ya kusikiliza, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Miezi michache baadaye, Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, watu wachache akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaunda Ushahidi kwa siku chache tu: tuma ujumbe mfupi, tukio liwekwe kwenye ramani. Haikuwa na urembo. Ilijibu swali ambalo watu walikuwa nalo siku ile: wapi kuna nini? Miaka miwili baadaye ramani hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Tofauti ya wakati ule na sasa ni moja kubwa. Akina Kobia walikuwa wanajua kuandika programu. Mwaka 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliipa jina tabia mpya ya kujenga programu kwa kuongea na AI tu, bila hata kuusoma msimbo iliouandika. Hiyo ndiyo tabia yangu mimi. Mlango umefunguka kwa kijana wa Lamu, wa Faza, wa Kizingitini ambaye hajakanyaga chuo. Nasema alhamdulillahi kwa hilo. Ila mlango huo una gharama yake: zamani, kabla hujajenga kitu kibaya, ilibidi uteseke miezi, na katika miezi hiyo mtu angekuambia kwamba saa kumi yako si sahihi. Mimi nilikosea kwa jioni mbili na kusambaza kosa kwa dakika moja.

Nilivyoirekebisha? Ile 10:00 AI iliibadilisha kabla sijamaliza kunywa chai, na ikaniomba radhi kwa adabu kabisa. Kazi yenyewe ilikuwa pengine. Nilikaa bandarini jioni tatu na baba mdogo na wenzake, nikiwa na daftari, laptopu nimeiacha nyumbani. Nikajifunza makosa mengine mawili ambayo yalikuwa yamejificha yakinisubiri.

La kwanza: mwezi. Apu ilikuwa inahesabu mwezi mwandamo kwa hesabu za nyota. Wazee wanahesabu kwa kuuona. Ukionekana siku moja baadaye, tarehe zao na za apu zimepishana siku nzima, na siku nzima ni dakika hamsini za maji.

La pili: siku. Kwetu siku inaanza magharibi. Ukimwambia bibi yangu "usiku wa Ijumaa," amesikia Alhamisi usiku. Apu yangu ilikuwa inasikia Ijumaa usiku. Hebu piga picha mgonjwa aliyeambiwa boti ni usiku wa Ijumaa. Anakuja masaa ishirini na nne baadaye.

Hakuna hata moja katika haya AI ingeniuliza. Haikujua kwamba kuna la kuuliza.

Basi apu ya sasa ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sura. Haina mwezi unaong'aa. Inaandika "saa kumi alfajiri" kwa maneno, na chini yake 4:00 kwa ndogo. Inaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa." Imeandikwa mai, na asiyejua ataelewa siku ya pili. Inafanya kazi bila intaneti. Ina kitufe cha kusema "leo yamekuja tofauti," na yakija malalamiko matatu nampigia baba mdogo. Na juu kabisa, kabla ya kitu chochote, imeandikwa: mwulize nahodha. Rafiki yangu mmoja ananiambia apu inayokuambia uulize mtu mwingine imeshindwa kazi. Mimi nadhani ndiyo kwanza imeanza kuielewa.

Wazee wana methali: usisafirie nyota ya mwenzio. Zamani nilidhani ni habari za bahati. Sasa naisoma kama nahodha. Hesabu iliyotengenezwa kwa bahari ya mwingine, kwa saa ya mwingine, kwa lugha ya mwingine, unaweza kuiazima, lakini usipandishe tanga kabla hujaijaribu kwenye maji yako.

Kwa hiyo, wewe unayenisoma hapo Mombasa, Nairobi, Tanga, una simu na una wazo: jenga. Usingoje mtu. Jenga ratiba ya maji ya mfereji ya mtaa wenu, daftari la deni la duka la mama yako, orodha ya bei za samaki. Iwe ndogo. Ijengee mtu mmoja unayemjua jina. Ila kabla hujatuma linki, mpelekee yule anayeijua kazi hiyo bila simu, umwache aicheke mbele yako. Ukiona aibu kuchekwa na mtu mmoja bandarini, utakuja kumwomba radhi mtu mwingine kwa simu, kama mimi.

Shangazi anaitumia apu tena. Lakini kila usiku, kabla ya kulala, bado anatoka uani kuutazama mwezi. Nimemwomba asiache.